Toboeni Hayo Mabati

Kama ulikuja hapa leo kutafuta vichekesho, rudi wiki ijayo. Leo niko na hasira, na hasira yenyewe ni ya bomba.

Ndiyo, bomba. Bomba la moshi. Ile chimni inatoka kwa jiko la kuni huko ushago. Najua wengi wenu mnasoma hii mkiwa keja, Roysambu ama Umoja ama Mlolongo, na jiko lenu ni mtungi wa kilo 6 umekaa kando ya kitanda. Unajiuliza hii inakuhusu aje. Tulia. Desemba utapanda gari uende ushago, utampiga shosh picha akiwa kwa jiko, miale ya jua ikipita kwa moshi vizuri, utaandika "hakuna kama nyumbani," na watu watakutumia mioyo. Ule moshi umefanya picha yako ikae poa ndio unamkohoza usiku kucha wewe ukiwa umelala.

Msimamo wangu nauweka hapa mapema ndio tusisumbuane. Kama umenunulia mtu jiko la kuni na bomba lake halijavuka paa, hujamnunulia jiko. Umemnunulia meza ya chuma. Na sababu kubwa ya mabomba yetu kutovuka paa ni aibu kuisema: kwa maboma yetu, bati lina heshima kuliko mapafu ya mwenye kupika.

Kabla mniambie najifanya mjuaji, wa kwanza kulaumiwa ni mimi.

Shosh wangu anaishi Kinangop. Kama hujawahi kufika, jua tu ni juu, zaidi ya mita 2,400, na mwezi wa saba kule baridi inakuingia mpaka kwa meno. Jikoni ndio sebule. Watu wanaota moto, wanakula, watoto wanafanya homuwaki hapo, na wageni wa maana wanakaribishwa hapo. Miaka yote hiyo Shosh amekuwa akipika kwa mafiga matatu katikati ya huo moshi.

Mwaka jana mimi na binamu zangu watatu tukachanga. Tukanunua jiko la chuma kwa fundi wa jua kali, jiko safi, tundu mbili za sufuria na oveni pembeni. Tukalipakia kwa pikapu mpaka nyumbani. Mpaka hapo tulikuwa mashujaa.

Halafu ikafika saa ya kuweka bomba. Fundi akauliza, "Linapitia wapi?" Na hapo ndipo tuliharibu kila kitu, kwa dakika mbili hivi. Anko akaangalia juu, akaangalia fundi, akasema, "Hayo mabati ni ya juzi. Hakuna mtu anatoboa." Wanaume wote pale wakaitikia kwa kichwa kama tuko mkutanoni. Mimi nikiwa mmoja wao. Kwa hivyo bomba likapanda nusu mita, likapigwa elbo, likatoboa ukuta wa mbao, likapigwa elbo ya pili huko nje, na likaishia chini ya upenu, karibu na gata, likiwa limevalishwa kofia kama mtu anaenda mahali. Jiko lilikuwa na tundu la inchi 6. Fundi alikuwa na bomba la inchi 4. Akalikazia hivyo hivyo.

Shosh alikuwa ameketi pale mlangoni, akimenya waru. Hakuna mtu alimuuliza chochote.

Nikatengeneza video. Mnaikumbuka, wengine wenu mliituma kwa magrupu ya familia. "Shosh ameaga moshi." Nikakula komenti nikashiba, nikarudi Nairobi.

Mwezi wa nane nikaenda bila kusema. Nikamkuta Shosh kwa kona, ameinama juu ya mafiga matatu, moshi ni ule ule. Jiko letu lilikuwa limewekelewa gunia la mbolea na sufuria tupu. Nikafungua oveni. Ndani kulikuwa na kuku ameatamia mayai. Akaniangalia kama mimi ndiye nimekosea nyumba.

"Shosh, kwani jiko?"

"Jiko ni zuri, baba. Ni vile tu linanitemea."

"Na mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza?" Akageuza kuni. "Moshi si matatu, upinde kona mbili ndio ufike steji. Moshi unaenda juu. Hata mtoto anajua."

Nikaliwasha mwenyewe. Dakika tano, moshi ukarudi kwa mlango wa kuni kama umesahau kitu. Nikatoka nje kuangalia ule mdogo uliokuwa umefaulu kupita: unatoka chini ya upenu, unagonga bati, halafu unarudi ndani taratibu kupitia ile nafasi kati ya ukuta na paa. Yaani tulikuwa tumelipa fundi atengeneze njia ndefu ya kurudisha moshi jikoni.

Halafu nikaona kitu kilichonitoa jasho. Pale bomba limepita kwa ukuta, mbao ilikuwa nyeusi. Nyeusi ya makaa, mviringo mkubwa kama sahani. Upande wa pili wa huo ukuta ndipo tunapanga mabua ya mahindi ya ng'ombe, makavu kabisa. Shosh alikuwa ametumia lile jiko wiki tatu hivi kabla aliache. Mbao inayochomwa joto kila siku hukauka na kushika moto upesi kuliko mbao mpya. Angekuwa mvumilivu zaidi, angeendelea kulitumia ili kutufurahisha, mimi leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Sasa niruhusuni nieleze kwa nini Shosh, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alikuwa sawa, na sisi wenye digrii tulikuwa tumepotea.

Moshi hupanda kwa sababu ya joto. Hewa moto ni nyepesi kuliko hewa baridi iliyo nje, kwa hivyo inapanda, na ikipanda inavuta nyingine nyuma yake. Huo mvuto ndio injini ya jiko lako. Hauna swichi, hauna betri. Unategemea mambo mawili: bomba ni refu kiasi gani kwenda juu, na moshi ulio ndani ni moto kiasi gani ukilinganisha na nje. Kila elbo unayoweka inapunguza mwendo. Kila futi inayolala badala ya kusimama ni mzigo. Na kila futi ya bomba la bati moja unayopitisha nje, kwa baridi ya Kinangop saa kumi na moja asubuhi, inapoza moshi kabla haujafika juu. Ukipoa unakosa nguvu. Ukikosa nguvu unarudi, na njia iliyo wazi ni mlango wa kuni, ulioko sawasawa na uso wa mtu ameinama.

Na ule mchezo wa inchi 6 kuingia inchi 4? Hiyo ni hesabu ya duara, uliifanya shule ukaisahau. Eneo linafuata kipenyo mara kipenyo. Sita mara sita ni 36. Nne mara nne ni 16. Fundi alipunguza njia ya moshi mpaka chini ya nusu, halafu akaweka kona mbili. Hata wewe ukiambiwa upumue kwa mrija wa soda huku unakimbia, utatema tu.

Na msifikiri ni sisi peke yetu. Yule mzee wa noti ya dola 100, Benjamin Franklin, alibuni jiko lake la kupasha nyumba joto miaka ya 1740. Akili nyingi sana, lakini moshi ulilazimika kushuka chini kwanza ndio upande kwa chimni. Bila chimni kuwa moto tayari, mvuto ulikuwa dhaifu. Baadaye David Rittenhouse, jamaa wa Philadelphia, akairekebisha njia ya moshi. Kama Franklin alishindwa kulazimisha moshi ushuke, fundi wenu na anko wenu hawatauweza.

Sasa najua mnachoandika huko chini, kwa hivyo wacha nijibu mapema.

"Ukitoboa bati, mvua itaingia." Hii ndiyo hoja kuu, na ni ya uvivu. Mabati yenyewe yamepigwa misumari mingi, na kila msumari ni shimo. Tofauti ni kwamba misumari ina raba na fundi anajua kuipiga. Shimo la bomba pia lina dawa yake: kola ya bati inayokaa juu ya shimo, upande wake wa juu ukiingia chini ya bati la juu ili maji yateleze juu yake, halafu silikoni ya kustahimili joto pale kola inakumbatia bomba. Na ukitoboa karibu na mgongo wa paa, maji yanayopita hapo ni kidogo kwa sababu juu yake hakuna paa kubwa la kuyakusanya. Fundi akikwambia haiwezekani, anamaanisha hajui. Tafuta mwingine.

Halafu tuwe wakweli. Tuseme hata ivuje tone moja. Unaweka ndoo. Mapafu hayawekewi ndoo.

"Wamezoea." Hapa ndipo nakasirika kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia na vichafuzi vingine vya hewa ndani ya nyumba viliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Hao pia walikuwa wamezoea. Kiharusi, moyo, mapafu, nimonia kwa watoto: hakuna moja ya hizo inayokuuliza kama umezoea. Na angalia nani anazoea. Sensa ya 2019 ilionyesha kuni ndiyo inapikia zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya, karibu asilimia 55. Nani ameinama hapo kwa nyumba nyingi? Mama, shosh, dada, na mtoto aliye mgongoni. Nani anaamua bomba lipitie wapi? Watu ambao wakati wa kupika wako nje wakijadili siasa.

"Moshi unasaidia, unafukuza wadudu na kukausha mahindi." Sawa. Kwa nyumba ya nyasi ya zamani, moshi ulikuwa na kazi kwa paa, siwezi kubisha. Lakini hilo paa la nyasi tuliling'oa, tukaweka bati, tukaziba juu na siling'i, tukaweka dirisha dogo kama la benki. Tulibadilisha nyumba yote tukabakisha moshi peke yake. Mahindi yakaushwe juani.

"Si ununue gesi tu." Ningependa. Lakini hebu tusiongee kama gesi inamea shambani. Serikali iliweka VAT ya asilimia 16 kwa gesi Julai 2021, ikaipunguza hadi 8 mwaka uliofuata, halafu ikaiondoa 2023. Unadhani mtu wa mshahara wa kuuza maziwa alikuwa anafanya nini mtungi ulipopanda? Alirudi kwa kuni. Shosh ana mtungi, tulimnunulia pia. Anautumia kuchemsha chai wageni wakija ghafla. Githeri ya saa tatu inapikwa kwa kuni, kwa sababu kuni inatoka shambani kwake na inampasha joto. Siku atakapohamia gesi nitafurahi. Mpaka hiyo siku, anapumua.

"Bomba halimalizi moshi, linaupeleka tu kwa jirani." Huyu ndiye mkosoaji nampenda, juu anaongea ukweli. Bomba halisafishi kitu. Kuni mbichi ikitoa moshi mwingi, moshi huo utatoka nje na bado ni mchafu. Ndiyo maana ukitaka kufanya kazi safi, ukaushe kuni vizuri kwanza, na jiko liwe linachoma sawasawa. Kuna utafiti ulifanywa Guatemala, ukachapishwa kwa jarida la Lancet mwaka 2011. Familia 534: wengine walipewa jiko la kuni lenye chimni, wengine wakaendelea na moto wazi. Moshi waliopumua watoto, ukipimwa kwa ile gesi ya sumu ya kaboni monoksidi, ulipungua kwa nusu hivi kwa wastani. Nimonia kwa jumla haikushuka wazi vile walitarajia, lakini ile kali ilishuka kwa karibu theluthi. Si miujiza. Lakini theluthi ya nimonia kali ni watoto. Mimi nitachukua hiyo theluthi kuliko bati zima.

Haya. Sasa tufanye kazi, juu kukasirika peke yake hakutoi moshi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la mpangilio. Tulinunua jiko, tukaliweka mahali panapopendeza, halafu tukauliza bomba lipite wapi. Geuza hiyo. Anza juu. Angalia paa, tafuta mahali bomba linaweza kutokea, halafu shuka chini, na jiko likae pale bomba linataka. Sisi mara ya pili tulitumia uzi na jiwe. Binamu yangu akapanda juu, akashikilia uzi kati ya mbao mbili za paa, karibu na mgongo, jiwe likaning'inia mpaka sakafuni. Pale jiwe liligusa ndipo tundu la moshi la jiko linafaa kuwa. Tukachora kwa chokaa.

Halafu tukafanya kile tulipaswa kufanya mara ya kwanza. Tukamuita Shosh asimame pale. "Shosh, hapa unaweza kupika?" Akasimama, akageuka, akanyoosha mkono. Akasema mlango uko nyuma yake na upepo wa mchana unaingia hapo, na kuni zake ziko upande mwingine. Tukasogeza uzi hadi nafasi iliyofuata kati ya mbao. Akasema sawa. Hiyo mashauriano yote ilichukua muda mfupi kuliko kutengeneza ile video yangu ya uongo.

Sheria tulizofuata ni hizi, zikopi uweke kwa simu:

Bomba lisimame wima kuanzia jiko mpaka nje. Kama lazima likwepe kitu, tumia kona mbili za kulegea, nyuzi 45, badala ya elbo kali ya nyuzi 90. Kama kuna kipande cha kulala, kiwe kifupi kabisa na kiinuke kidogo kuelekea mbele. Kisishuke hata siku moja.

Upana wa bomba usiwe mdogo kuliko tundu la jiko. Tundu ni inchi 6, bomba ni inchi 6, mwanzo mpaka mwisho.

Sehemu kubwa ya bomba ipite ndani. Inabaki na joto, moshi unapanda, na nyumba inapata joto ya bure. Kule nje ibaki tu ile ya juu ya paa.

Bomba la bati moja likae mbali na mbao, futi moja na nusu, yaani sentimita 45 hivi. Hii ni kwa ukuta na pia kwa mbao za paa. Kama nafasi haitoshi, weka kinga ya bati yenye upenyo wa hewa nyuma yake, ama ukate ule ubao na uimarishe pembeni. Usiache mbao iguse bomba. Nimeona inavyokuwa.

Juu ya paa, kumbuka 3, 2, 10. Wamarekani wanaitumia kwa majiko yao: bomba lipite paa kwa futi 3 angalau, na liwe juu kwa futi 2 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya futi 10, iwe ni mgongo wa paa au tangi la maji. Ukiliacha chini ya hapo, upepo unagonga paa na kusukuma moshi urudi. Likiwa refu sana, lifunge kwa waya lisiyumbe.

Vipande viunganishwe ile ncha nyembamba ikitazama chini, iingie ndani ya kipande cha chini. Moshi wa kuni ukipoa unatoa maji meusi kama lami. Ukiunganisha kinyume, hiyo lami itatiririkia nje ya bomba na kwa sufuria.

Acha mahali pa kufungua ili ulisafishe. Masizi na lami zikijaa ndani, zinaweza kushika moto ndani ya bomba, ama zizibe kabisa moshi urudi ndani. Na moshi ukirudi usiku, kuna ile kaboni monoksidi ambayo haina harufu wala rangi. Kwa hivyo hata ukiwa na bomba zuri, usizibe dirisha lote.

Bomba la plastiki la maji si chimni. Najua unacheka. Nimeliona kwa macho yangu, limeyeyuka kama mshumaa. Na ile futi ya kwanza juu ya jiko, tumia chuma cheusi kizito, maana zinki ya mabati haipendi joto kali.

Hivyo tu. Hakuna siri ya injinia hapo. Ni uzi, jiwe, fundi aliye tayari kupanda juu, na mtu wa kumwambia anko "tunatoboa."

Anko? Alinuna. Nilimwambia mbele ya watu, kwa heshima zote, "Anko, bati nitakununulia lingine, nitakuletea Desemba. Mapafu ya mamako siwezi kununua." Kukawa kimya. Halafu yeye mwenyewe akaenda kuleta ngazi. Sitamdhalilisha hapa, juu tangu hiyo siku yeye ndiye anapanda kusafisha bomba, na anaeleza wageni kuhusu 3, 2, 10 kama ni yeye aliigundua. Mwacheni.

Mvua ndefu zimepita. Kola ilivuja mara moja, upande mmoja, tukaongeza silikoni, ikaisha. Ile mbao nyeusi tuliitoa, tukaweka mpya. Jiko linavuta. Ukifungua mlango wa kuni, moto unainama kuelekea ndani badala ya kukurukia. Shosh bado anakohoa. Sitawadanganya kwamba miaka ya moshi inafutwa na bomba la futi kumi na mbili, na kliniki tunampeleka. Lakini sasa binti wa binamu yangu, yuko gredi ya tatu, anafanya homuwaki pale karibu na jiko bila kupangusa macho. Yeye bado hajaanza kukohoa. Hiyo ndiyo hesabu ninayoangalia.

Ile video yangu ya kwanza nimeitoa. Wengine mliuliza imeenda wapi. Imeenda kwa sababu ilikuwa uongo. Nilisherehekea chuma nikasahau njia ya moshi, na nilimshukuru Shosh mbele ya kamera bila kumuuliza swali moja kamera ikiwa imezimwa. Na tunafanya hivyo kila mahali. Tunapelekea watu vitu, tunapiga picha ya kukabidhi, na hakuna anayerudi mwezi wa tatu kufungua oveni aone kama kuku amehamia.

Kwa hivyo kazi yako Desemba hii ni moja. Ukifika nyumbani, kabla utoe simu, toka nje uangalie paa la jikoni. Kama bomba halionekani juu, ingia ndani ulifuate kwa kidole kutoka kwa jiko uone linaenda wapi. Hesabu kona. Gusa mbao iliyo karibu. Halafu keti chini, pale mwenye kupika huketi, na umuulize moshi unaenda wapi. Atakwambia. Amekuwa akijua miaka yote hiyo.

Mkishamaliza kuongea, mwite fundi na umpe ngazi. Na mtu akisema mabati ni ya juzi, mwambie mapafu ni ya tangu kuzaliwa, na hayauzwi hadiwea.

Toboeni.